Santuri Isiyo na Wimbo

Mume wangu hakuwa na bahati na minada. Mwaka ule wa uhuru Wazungu wengi wa Nyali walikuwa wakifunga mizigo, na kila Jumamosi kulikuwa na nyumba iliyotoa vitu vyake uani: viti, vyandarua, vyombo vya kaure, hata mbwa. Wanaume wengine walirudi Kisauni wamebeba kabati za maana. Wangu alirudi na gramafoni ya betri yenye kifuniko cha rangi ya maziwa, pamoja na sanduku la santuri ambalo hakuwa amelifungua. Dalali alizungumza haraka haraka, na yeye akaona haya kuuliza kuna nini ndani.

Sikumsema. Gramafoni nilikuwa nikiitamani tangu niolewe. Mimi ni mtu wa nyimbo. Kuimba siwezi, nina sauti ya mlango uliokosa mafuta, lakini kusikiliza najua, na nikikaa siku mbili bila wimbo huwa mkali kwa kila mtu. Nililifungua sanduku kwa pupa. Nyingi zilikuwa tarumbeta za kijeshi, zimekwaruzika vibaya. Mbili zilikuwa nyimbo za sinema za Kihindi, na hizo nilizipangusa kwa upindo wa leso yangu na kuziweka peke yake. Moja ilikuwa ndani ya jalada la kijivu lisilokuwa na sura ya mtu yeyote, mistari tu iliyopishana, na maandishi ambayo mume wangu, karani wa bandarini, alisema si Kiingereza. Aligeuza jalada juu chini, chini juu, kisha akasema pengine ni mafunzo ya lugha.

Kabla sijapata hata siku moja ya kukaa na gramafoni yangu kwa raha, tukapata msiba.

Aliyefariki alikuwa mume wa shangazi yangu. Shangazi ni dada wa baba, ndiye aliyenilea mama yangu alipokufa, na mumewe alikuwa fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya nyumba yake, hapo njiani kuelekea Kongowea. Alikuwa mnene, mpole, mwenye mazungumzo mengi na cherehani yake kuliko aliyokuwa nayo na wateja. Homa ilimchukua kwa wiki moja. Tulimzika Ijumaa, na shangazi akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku zake: hatoki, havai rangi, hatii hina wala manukato, na nyumba yake haipigwi muziki. Nikahamia kwake nimpikie na nimshughulikie, mume wangu akija jioni kula na kulala. Nilibeba nguo, sufuria mbili na gramafoni. Kuipiga sikukusudia. Nilikuwa siwezi tu kuiacha nyumba tupu na majirani ninaowajua.

Mlangoni nilikutana na Bibi. Huyu alikuwa mama mzazi wa marehemu, mkwe wa shangazi, na sote tulimwita Bibi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Aliigusa gramafoni kwa ncha ya bakora yake.

"Hiyo itakaa kimya," akasema.

"Abee, Bibi."

"Sikukuita. N'nakwambia."

Nikaisukuma chini ya kitanda changu.

Lakini kimya kilichonitisha mimi hakikuwa cha gramafoni. Shangazi alikuwa ndiye sauti ya kundi la wanawake wa mtaa wetu, lile lililovaa leso za sare na kuimba harusini. Watu walikuja kutoka Likoni, wavuke kisiwa kizima, wamsikie yeye tu. Siku ya tatu ya msiba wenzake walikuja kukaa naye, na akawaambia watafute mwimbaji mwingine. Hata eda ikisha, alisema, yeye haimbi tena. Angelisema huku akilia, ningelipuuza, maana msibani watu husema mengi. Alilisema akiwa anachambua ukili wa mkeka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akauliza kama chai imetosha. Nilipata hofu. Shangazi asiyeimba nilikuwa simjui, na nilikuwa sitaki kumjua.

Wiki zikapita. Cherehani ilikuwa imeingizwa ndani, imefunikwa shuka nyeupe na kusukumwa pembeni. Shangazi alisuka ukili, akala vijiko vitatu, akasema ahsante, akarudi kwenye ukili wake. Wanawake walikuja alasiri, wakakaa kwenye jamvi, wakatazamana na kuondoka. Mimi nilikuna nazi kwa hasira mpaka nikajikuna vidole.

Asubuhi moja nikakumbuka kwamba betri zikikaa sana ndani ya mashine huvuja. Nikazitoa, nikazianika juani ukutani kama tulivyokuwa tukifanya za tochi zikichoka, na adhuhuri nikazirudisha. Nilitaka kuona tu kama sahani bado inazunguka. Sasa, sahani tupu ikizunguka haikuambii kitu. Nikaona nikiweka zile za Kihindi nitakuwa nimepiga muziki kwenye nyumba ya eda, lakini mafunzo ya lugha si muziki. Nikaitoa ile ya jalada la kijivu, nikashusha sindano na kupunguza sauti kabisa.

Kikatoka kitu cha kunguruma. Sauti moja, nene, iliyojinyoosha bila kupanda wala kushuka. Nikangoja mwalimu aseme habari za asubuhi kwa lugha yake. Hakusema. Ngurumo ikaendelea. Nikapiga kifuniko, nikapuliza sindano, nikasogeza kile kijiti cha mwendo kwenye alama nyingine, na ngurumo ikawa mluzi mwembamba wa kuudhi. Nikakirudisha. Ikawa ngurumo tena.

"Mashine yako yaugua nini?"

Alikuwa shangazi, chumbani mwake. Tangu siku ile alipowaaga wenzake, hilo lilikuwa neno la kwanza kulitoa mwenyewe bila kuulizwa.

"Haiugui, shangazi. Ndivyo santuri ilivyo."

"Hebu ilete huku, nisikie inapoanza."

Nikaibeba kama mtoto mchanga, nikaiweka sakafuni karibu na ukili wake. Tukakaa kuungoja wimbo uanze. Ngurumo ilinenepa kidogo, ikapungua kidogo, chini yake kukawa na ngurumo nyingine ambayo mwanzoni hukuisikia. Kila ilipobadilika shangazi alinyanyua kidole, kwamba sasa, sasa wanaingia. Hawakuingia. Upande wote ukaisha na sindano ikabaki ikikwaruza katikati.

"Pengine waimbaji walichelewa," akasema. "Geuza."

Upande wa pili ulikuwa wazimu mtupu. Palikuwa na kukwaruza, kugonga, kufoka, kitu kilichosagwa, kitu kilichopuliziwa, halafu kimya, halafu kishindo. Hapo ndipo Bibi alipotokea mlangoni na bakora yake. Nilijua nimekwisha.

"N'lisema nini mimi?"

"Bibi, wallahi si wimbo."

Bibi alikuwa mkali lakini hakuwa dhalimu. Hakuhukumu kitu kabla ya kukisikia. Alisimama, akainamisha kichwa upande wa sikio lake zuri, akasikiliza.

"Nani aimbaye?"

"Hakuna, Bibi."

"Chapigwa nini?"

"Sijui, Bibi. Hata mume wangu hajui."

"Mumeo hajui mengi," akasema, na akaamua suala lile lipelekwe kwa maalim.

Maalim alikuwa akija kila Alhamisi baada ya alasiri kumsomea marehemu. Alhamisi ile, alipomaliza kusoma na kunywa kahawa, Bibi alimweleza kutoka nyuma ya pazia. Gramafoni ikawekwa ukumbini mbele yake. Mimi niliichungulia sura yake kupitia mshono wa pazia. Alisikiliza kwa adabu kubwa, mikono magotini. Dakika zikapita. Akaniomba niiongeze sauti kidogo. Kisha akauliza, kwa upole uleule anaoulizia watoto sura za Kurani:

"Yupo mtu aimbaye humu?"

"Hapana, maalim."

"Pana udi? Zumari? Ngoma?"

"Hatukusikia, maalim."

"Nami sikusikia." Akavuta ndevu. "Bi mkubwa, mwaniuliza habari ya muziki, na mimi hapa naona makelele. Kinu kikitwanga nyumbani mwenu hamniiti. Msiwaudhi jirani tu."

Akainuka, akavaa viatu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona maalim akirudi hatua moja nyuma kusikia kitu kinamalizikaje.

Juzi juzi mjukuu wangu alinivalisha vidude vyake vya masikioni anisikilizishe muziki wa vijana wa Ulaya, wa mashine, albamu nzima mngurumo mmoja. Alinitazama kwa huruma, akasema, bibi, huu hutauelewa. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia huo ni upande wa kwanza, upande wa pili uko wapi. Hakuniamini nilipomwambia kwamba sisi tulikuwa tukiusikiliza Kisauni kabla baba yake hajazaliwa, na kwa fatwa.

Habari ya santuri ya makelele iliyoruhusiwa na maalim ilienea mtaani kabla ya magharibi. Kesho yake alasiri jamvi lilijaa. Walikuja wale wa kundi, akaja mama wa mahamri wa nyumba ya tatu, akaja jirani yetu Mgiriama wa upande wa shambani, Mkristo, aliyetuletea muhogo tangu siku ya mazishi na ambaye Bibi alimheshimu kuliko nusu ya jamaa zake. Wote walisema wamekuja kumkalia shangazi. Wote waliketi wakiielekea gramafoni.

Nikaanza na ule upande wa wazimu. Mwanzo walishikana mikono. Halafu mama wa mahamri akasema, "Hayo ni mafuta yapata moto," na sauti ilipofoka akaongeza, "Hapo ametia hamri la kwanza, na mafuta bado." Akatikisa kichwa kwa kumhurumia huyo mpishi. Mchezo ukaanzia hapo. Kila mtu alisikia kazi yake. Jirani Mgiriama alifumba macho akasema ni mvua, iko ng'ambo, bado haijagusa makuti. "Yaja, mayo," yaani mama, akamwambia Bibi, "ingizeni nguo," na Bibi, nasema ukweli, akageuza macho kuitazama kamba ya nguo uani. Mpiga tari wa kundi, mwanamke asiyenyamaza, aliposikia kile kinachosagwa akasema hilo ni tumbo la mumewe mwezi wa Ramadhani saa kumi za alasiri. Jamvi zima likacheka, na kucheka kwenye nyumba ile kulikuwa kama kufungua dirisha.

Mimi nilisikia debe linaburutwa. Hakuna aliyevutiwa nalo. Nikaona wivu kidogo.

Tukawa hivyo kila alasiri. Jamvini hapakuwa na kitu ila chai na mahamri, na ungedhani pana karamu. Mama wa mahamri na jirani Mgiriama walibishana wiki nzima kuhusu sauti moja, mmoja akishikilia ni chujio, mwingine akishikilia ni nyoka kwenye majani makavu. Betri zikichoka sahani ilizunguka kivivu na kila kitu kikawa kinene, mafuta yakawa uji, mvua ikawa ng'ombe. Nikizianika mchana, alasiri zikaamka na mambo yakaenda mbio. Mpiga tari alianza kuuliza mlangoni, "Leo nyembamba au nene?" kabla hata ya salamu. Bibi alimkemea kwa kukosa adabu, kisha akamjibu: "Nene."

Shangazi alisikiliza na kusuka. Aliwatazama wenzake wakicheka, na mara moja moja mdomo wake ulicheza, lakini hakutia neno. Nilimchunga kama maziwa motoni.

Siku moja tulifika pale katikati ya upande wa pili, ambapo kitu kinagonga upesi upesi, kinapumzika, kinagonga tena. Mama wa mahamri alisema ni mlango kwenye upepo. Mpiga tari akasema ni mtu mvivu anatwanga.

"Siyo," akasema shangazi. "Hiyo cherehani."

Mpiga tari akatazama ile shuka nyeupe pembeni, kisha akatazama miguu yake. Nikanyoosha mkono kuondoa sindano.

"Iache," akasema shangazi. Aliweka ukili chini. "Sikilizeni vizuri. Ameanza polepole, yuwapinda. Sasa anyoosha. Kitambaa ni drili, hiyo nzito ya suruali za shule. Polepole tena, afika mfukoni. Haya. Hapo uzi utakatika."

Na wallahi, pale pale kugonga kukakoma.

"Na hapo," akasema shangazi, "ndipo atukanapo."

Kwenye santuri kikatoka kile kishindo.

Sijui nani alianza kucheka. Najua Bibi alijifunika uso kwa buibui na mabega yake yakatikisika, na shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cheupe cha eda. Alitueleza jinsi mumewe alivyokuwa akiiita cherehani bibie, na kwamba kulikuwa na siku aliyomsema mkewe kwa upole na cherehani kwa matusi, na siku aliyofanya kinyume, kutegemea kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Tulimtaja sote. Kila mmoja alikuwa na nguo aliyoshonewa ikambana, kwa kuwa marehemu hakupenda kupoteza kitambaa.

Mpiga tari akaona mlango umefunguka, akataka kuingia mzimamzima. "Basi utaimba, dada?"

Shangazi akachukua ukili wake. Hakukasirika. "Nyimbo zote mlizozisikia n'lizitunga pale dirishani," akasema, "yeye akishona barazani. Yeye akinguruma chini, mimi nikipita juu. Sikuwa nikiimba peke yangu hata siku moja, ila nyinyi hamkujua. Sasa chini hapana kitu. Wataka nikanyage wapi?"

Mpiga tari akamsogezea kikombe chake cha chai.

Tangu siku hiyo shangazi hakuutaka tena upande wa wazimu. Alitaka ule wa kwanza, mngurumo, na aliutaka nene. Nilipotaka kuzianika betri alinizuia. "Ziache hivyo hivyo. Ndivyo alivyokuwa baada ya alasiri, amechoka." Basi asubuhi, wageni wakiwa hawajafika, nilimwekea na kwenda jikoni, nikawa napika na kule kunanguruma. Nilianza kuipenda hata mimi. Mwanzo unasikia kitu kimoja, kisha vinakuwa viwili, kisha unasikia sufuria yako na kuku wa jirani na pumzi yako mwenyewe, vyote vimepewa mahali pa kukaa. Nilijikuta sigombani na mtu. Mume wangu aliliona hilo na akalishukuru waziwazi, jambo lililoniudhi.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikasikia betri zimeanza kujikongoja, mngurumo unapwaya. Halafu nikasikia juu yake kitu ambacho hakikuwa kwenye santuri. Kilikuwa kidogo sana, mdomo umefungwa, kinapanda kidogo na kurudi. Niliacha kukuna. Nikatoka polepole mpaka ukumbini, na hapo nikamkuta Bibi amesimama mbele ya pazia la chumba, mkono umeshika ukuta. Hakunitazama. Tukasimama wote wawili, mimi na kifuu changu cha nazi mkononi, na ndani shangazi akisuka na sauti yake ikipita juu ya mngurumo, pale pale ilipokuwa ikipita zamani.

Bibi alifungua pazia. Akaenda mpaka kwenye gramafoni, akanyanyua sindano kwa kidole kimoja kama aliyefanya hivyo maisha yake yote, akaitoa santuri.

"Maalim aliuliza kama yupo aimbaye," akasema. "Siku ile hakuwapo. Leo yupo. Basi huu ni muziki, na nyumba hii ni ya eda. Itakaa kwangu mpaka siku zishe."

Akaondoka nayo. Tukasikia sanduku lake likifunguliwa na ufunguo ukigeuzwa.

Nilirudi jikoni nikalia kwa ghadhabu. Niligonga vifuniko makusudi, nikasema na ukuta maneno ambayo sitayaandika. Miezi ya kungoja sauti ile, na imetoka kama kifaranga, na huyu kizee ameikanyaga. Sikuwaza kwamba huyo kizee ndiye aliyemzaa marehemu, na kwamba aliposhika ukuta alikuwa na sababu yake. Hilo nililifikiria baadaye sana, nilipokuwa na watoto wangu.

"Hebu ndoo huku," shangazi akaniita.

"Abee." Nikaenda nikijifuta pua. Nilidhani nitamkuta amejiinamia. Alikuwa ameketi wima, na uso wake ulikuwa umekunjuka kabisa, uso wa siku za harusi.

"Umesikia alivyosema mkwe wangu?"

"Nimesikia, shangazi. Na nitamwambia—"

"Hutamwambia kitu. Asema yupo aimbaye." Akacheka kwa pua. "Mkwe wangu hasemi uongo. Basi n'meimba."

Siku za eda zilipokwisha tukamwogesha shangazi, tukamtia hina, tukafukiza udi mpaka chumba kikawa hakionekani. Wanawake wa kundi walikuja na leso zao za sare, pamoja na leso yake yeye, wameikunja juu ya sinia. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mimi nilikuwa nimezitoa nyimbo zangu za Kihindi tayari, maana nilikuwa nimezingojea kuliko mtu yeyote. Bibi akaja na ufunguo wake, akaenda sandukuni, akarudi na lile jalada la kijivu, akalilaza mapajani mwa shangazi.

"Siku zimekwisha," akasema. "Sasa fanyeni muziki wenu."

"Niwekeeni hii kwanza," shangazi akasema.

Nikaiweka. Nikashusha sindano. Sahani ikajitingisha mara moja, ikasimama. Betri zilikuwa zimekufa, na mimi katika ghadhabu zangu sikuwa nimezigusa tangu siku ile. Nikatamani sakafu inimeze. Shangazi alikuwa amekaa, mikono yenye hina imeinuliwa isiguse kitu, anangoja.

Aliyeanza ni jirani Mgiriama. Alifunga mdomo, akatoa ule mngurumo kifuani, mnene, ule wa betri zilizochoka. Mama wa mahamri akaushika. Kisha mpiga tari, kisha wote, kwa kuwa baada ya miezi ile tuliujua kuliko jina la baba zetu. Hata mimi. Ukumbi ukanguruma mpaka vikombe vikalia kwenye sinia. Shangazi alitutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, akacheka asiweze hata kufungua mdomo kwa wimbo. "Nipeni siku kidogo," akasema. Lakini leso ya sare aliichukua.

Siku ya sherehe ya uhuru uwanjani Kisauni ilitukuta hatujui kama shangazi ataimba. Kwenye mazoezi alikuwa akinguruma nasi tu, chini, hakupanda. Bibi, ambaye mwaka mzima alikuwa akiuliza huo uhuru ni wa nani, alikuja mapema kuliko wote akakaa mstari wa mbele chini ya mwavuli mweusi. Vipaza sauti vilikuwa vimetundikwa kwenye minazi, na vijana wawili kutoka mjini walivizunguka na koleo zao, kwa sababu tangu asubuhi vilikuwa vikikatika katikati ya hotuba. Kundi letu lilipangwa baada ya shule na kabla ya gwaride. Mimi nilikuwamo. Kwa kunguruma hawakuhitaji mwenye sauti nzuri, na hivyo mimi, mlango mkavu wa Kisauni, nilisimama mstari wa nyuma na leso ya sare, nina furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa urahisi ule.

Jirani Mgiriama akaanza, tukaingia sote, midomo imefungwa. Mngurumo ukapita kwenye mikrofoni, ukatoka minazini mkubwa kuliko tulivyotarajia. Watu wakatazama juu. Baba mmoja akaziba masikio ya mwanawe. Wale vijana wawili wakakurupuka, mmoja akakimbilia nyaya, mwingine akaanza kupanda mnazi, na msema chochote akashika mikrofoni nyingine kuwaomba radhi wageni kwa hitilafu ya mitambo.

Yule wa nyaya alipita mbele ya Bibi. Bakora ikamzuia kifuani.

"Wacha nyaya za watu," Bibi akamwambia. "Haijaharibika. Kaa kitako ungoje ianze."

Kijana akakaa chini kwenye vumbi. Mbele yetu shangazi alikuwa amesimama na mgongo wake kwetu, nikaona mabega yake yanapanda kwa pumzi. Tukanguruma. Tukangoja ianze, na safari hii ikaanza.